Siku ya Kunyanyua Kabini

Fundi yule aliyelifufua lori la misheni, aliyeivusha trekta ya ushirika mto ukiwa umejaa, alikuja kwangu Namswea mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia. Tulitaka kunyanyua kabini ya pikapu aliyoniachia marehemu mume wangu, maana chasisi ilikuwa imeliwa na kutu. Kabini ikipinda, milango haifungi tena, na nyingine haipatikani popote. Niliita ngokela, watu kumi na wawili, kama tunavyoitana kulima, na pombe ikawa tayari. Fundi alipitisha kidole gumba kwenye kila tundu la bolti aliyoifungua, midomo ikicheza. Nikasogea nisikie anasema nini, kumbe anahesabu.

Wanaume wakainua. Kona moja ikagoma.

“Shusheni,” akasema taratibu. “Kosa langu. Bolti moja nimeisahau.”

Fundi kukiri hivyo mbele za watu, mimi sijapata kusikia. Bernadi, jirani yangu, akamcheka: “Umetutangulia kwenye pombe, fundi?”

Fundi alitambaa chini ya gari, akaifungua bolti ile, akaifuta spana kwenye suruali, akanipa mimi.

“Mama, sasa kagua wewe matundu yote. Ukisema tayari, ndipo watainua.”