Saa Mbili ya Nani?

Mtaani wanamwita Mama Kumbi, kwa kuwa anayetaka ukumbi wa sherehe humtuma yeye akaukague. Hadanganywi na mapazia. Hupiga makofi katikati asikie kama sauti inarudi, hufungua mabomba ya chooni, ndipo akubali.

Lakini harusi ya binti wa kaka yake ilimtoa jasho. Siku mbili kabla, msimamizi wa ukumbi alipiga simu. "Mama, Jumamosi saa mbili asubuhi msichelewe."

"Asubuhi? Sisi ni saa nane mchana. Niliandika 2 kwenye fomu."

"Ndiyo hiyo mbili. Mchana nimewapa walimu wastaafu, wana mkutano wao."

Mama Kumbi akakaa kwenye ngazi. Bibi harusi, aliyekuwa pembeni yake, akauliza, "Shangazi, nani anakuja harusini saa mbili asubuhi?"

"Nyamaza kwanza, mwanangu, nifikirie."

Akamwomba msimamizi namba ya mwenyekiti wa wastaafu, akampigia.

"Shikamoo, mzee. Eti mkutano wenu ni saa nane mchana?"

"Marahaba. Saa nane mchana sisi tumelala, binti yangu. Tuliandika 8, yaani saa mbili asubuhi."

Mama Kumbi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akarudi ukumbini, akafuta ile 2 kwenye fomu, akaandika kwa herufi kubwa: WAZEE WAKISHALALA.