Miaka Mitatu Niliyomwongeza Mdogo Wangu

Nianze na kosa, kwa sababu nisipolisema mapema nitalizungushia maneno mazuri mpaka lifanane na wema. Mdogo wangu alipokuwa na miaka kumi na sita, mimi ndiye niliyemwandikia kumi na tisa.

Kiwanda kimoja cha mabeseni ya plastiki kule mtaa wa Baba Dogo kilikuwa kinachukua vibarua, watu wazima pekee. Kwetu mtaani Mowlem fomu zote za ukoo huletwa kwangu. Nafanya kazi kwenye saiba ya mtaani, kijiduka cha kompyuta, nachapa na kujazia watu maombi, na nina mwandiko unaosifiwa. Pia nina ugonjwa wa kutoweza kuiacha karatasi iondoke na mkwaruzo. Nilirudisha nyuma mwaka wake wa kuzaliwa, nikaandika kwamba kitambulisho kimeombwa na bado kinasubiriwa, jambo ambalo huku kwetu halimshangazi mtu. Kisha, kwa kuwa herufi moja ilikuwa imepinda, nikachukua fomu nyingine nikaandika uongo uleule upya, safari hii kwa unadhifu.

Pale kiwandani kulikuwa na mazoea. Beseni lililotoka na ufa au mdomo uliopinda liliitwa kilema, na mfanyakazi aliweza kwenda nalo nyumbani. Msimamizi mpya alipoletwa, hakuyajua mazoea hayo wala hakutaka kuyajua. Mdogo wangu akashikwa langoni na vilema sita. Polisi hawakumuuliza umri, walisoma fomu yangu. Akashtakiwa kwa wizi wa mfanyakazi katika mahakama ya watu wazima, akakaa rumande ya wanawake wiki mbili kabla hatujapata dhamana.

Nasi tukanyamaza. Mama aliogopa kwamba nikisema ukweli atafungiwa watoto wawili badala ya mmoja. Majirani walisema ni kesi ndogo, ataonywa aende zake. Mimi nilikubaliana nao haraka kuliko ilivyofaa. Kesi ikaanza kuburutwa: leo shahidi hayupo, kesho faili halionekani, mwezi ujao hakimu yuko likizo.

Wakati inaburutwa hivyo, sheria mpya ya watoto ikaanza kutumika.

Hakuna aliyenifundisha sheria. Niliishia kidato cha nne, na mengine nimeyaokota kwa kusoma kila kinachopita kwenye mashine yangu kati ya mteja na mteja. Asubuhi hiyo nilikuwa naipitia sheria hiyo polepole, kidole kwenye skrini, nikafika mahali panapoeleza kwamba mashtaka ya mtoto yanaweza kuondolewa mahakamani kabisa. Mtoto akikubali alichokifanya, anaweza kuomba radhi, kurudisha alichochukua, kufanya kazi ya kujirekebisha, na mambo yakaishia hapo bila hukumu. Nilisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama. Mteja aliyekuwa anasubiri picha za pasipoti aliniuliza kama nimeumwa na kitu.

Halafu hofu ikanirudisha kitini. Mabeseni yalichukuliwa kabla ya sheria hiyo. Je, sheria hugeuka ikatazama nyuma? Nikafungua katiba, nikatafuta, nikakuta kwamba adhabu ikibadilishwa kati ya siku ya kosa na siku ya hukumu, mshtakiwa hupewa ile nyepesi. Haikuwa jibu kamili, lakini ilikuwa mlango, na mwanga ulikuwa unapenya chini yake. Nikachapisha kurasa zote, nikazibana, nikaomba ruhusa ya saa moja nikarudi baada ya saa nne.

Nje ya mahakama kuna wakili wa kujitolea ambaye huketi kwenye benchi kila Alhamisi. Alinisikiliza nikimwaga maneno bila kituo. Akaniambia, kwa upole wa mtu aliyezoea watu kama mimi, kwamba sheria hairudi nyuma kumwongezea mtu mzigo, lakini inapopunguza mzigo, mtu ana haki ya kuuliza. Na namna ya kuendesha kesi, mara nyingi, hufuata sheria iliyopo leo hata kama kesi ilianza jana. Angeuliza kwa furaha. Nilikaribia kumkumbatia. Ndipo akafunua hati ya mashtaka.

"Lakini hii ni sheria ya watoto," alisema. "Hapa nina mtu wa miaka kumi na tisa. Nani aliandika hivi?"

"Mimi."

Alinitazama, akaitazama nakala ya fomu iliyobanwa kwenye hati, akanitazama tena. "Mwandiko mzuri. Basi wewe ndiye shahidi wangu."

Mama alikataa kwa siku mbili. Siku ya tatu alipasua mshono wa foronya ya mto wa wageni akatoa kadi ya kliniki. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, na nesi aliyeijaza alikuwa na mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino, lakini tarehe ya kuzaliwa ilisomeka, na mstari wa uzito wa mtoto ulipanda mwezi baada ya mwezi. Niliishika kwa mikono miwili. Mwandiko wangu ulikuwa umempeleka rumande, na ule mbaya ndio ungemtoa.

Hati yangu ya kiapo niliiandika mara kumi na moja. Niliipeleka kwa wakili, akaisoma akiguna, akafuta aya nzima juu ya utoto wetu na kuniambia hicho ni kiapo, si shairi. Nikairudia. Mdogo wangu alikuwa anapita nyuma yangu na sufuria akacheka.

"Kunizeesha ulitumia dakika kumi. Kunirudisha ujana wiki nzima hujamaliza."

"Nataka isiwe na kosa."

"Ya kwanza haikuwa na kosa. Si ndiyo ilinimaliza?"

Nilimpelekea wakili nakala ya kumi na moja ilivyokuwa.

Siku ya kesi niliogopa, na bado nakiri nilifurahi. Nilifurahi kama mtu anayeenda kutua gunia. Kiongozi wa mashtaka alisimama akapinga. Alisema kosa lilitendwa chini ya sheria ya zamani, na mshtakiwa hawezi kuchagua sheria kama mtu anayechagua rinda madukani Eastleigh, akavua hili akajaribu lile. Watu wakacheka. Wakili wetu akasema hakuna anayemchagulia mtoto rinda jipya. Tunachoomba ni avuliwe la mama yake, alilovishwa na karatasi. Nilitamani kuliandika hilo pale pale.

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, akaniita mbele. Nilikuwa nimekariri maelezo ya ukurasa mzima. Yeye akauliza kidogo tu.

"Ulijua umri wake?"

"Nilijua, mheshimiwa. Nimembeba mgongoni."

"Kwa nini basi kumi na tisa?"

Ule ukurasa ukanitoka wote kichwani. "Tulitaka apate kazi," nilisema. "Na mimi nilitaka fomu iwe safi."

Mdogo wangu kizimbani alikuwa anatazama viatu vyake. Hakimu aliinua kadi ya kliniki kwenye mwanga wa dirisha, akaivuta karibu, akaisogeza mbali, na mimi nikahesabu pumzi zangu. Kisha akaamua. Siku mabeseni yalipochukuliwa, aliyeyachukua alikuwa mtoto, na karatasi ya uongo haikumfanya mtu mzima. Faili lihamishiwe mahakama ya watoto, na huko ombi letu lisikilizwe chini ya sheria mpya, ingawa kosa liliitangulia, kwa maana kumwangalia mtoto kama mtoto hakumdhulumu yeyote.

Mama aliketi chini palepale. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu mpaka hakimu akanigeukia.

"La fomu sijalisahau," alisema, na akamwachia kiongozi wa mashtaka aamue. Hadi leo sijaitwa. Simu ikilia kwa namba nisiyoijua, huipokea nimesimama.

Kwenye korido karani alinipa karatasi ya kuhamisha faili, akasema mwenye mwandiko ajaze. Jina, mtaa, jina la mzazi. Nikafika kwenye umri wakati wa kosa, kalamu ikasita. Mdogo wangu akaegemea bega langu, akinukia sabuni ya mche, akihema kama aliyekimbia.

"Andika haraka," alisema, "kabla sijafika kumi na nane."

Nikaandika kumi na sita. Kalamu ya karani ilivuja, na hiyo sita ikapata mkia wa wino uliofika nje ya mstari. Niliuliza kama kuna karatasi nyingine. Mdogo wangu aliichukua mkononi mwangu kabla karani hajajibu, akampa ilivyo.