Ushuhuda wa Tope

Odilia alikuwa na ushuhuda mmoja tu, na waumini wa kanisa lao dogo pale Lumemo, Ifakara, walikwisha kuukariri. Mwaka ule mto ulipofura, maji yalimbomolea nyumba, yakazoa kihenge na mpunga wote, yakamwachia tope la kufika magotini. Alilia mpaka sauti ikakauka. Msimu uliofuata akapanda kwenye tope lilelile. Mpunga ukaota ukamfika kifuani, akavuna magunia ambayo shamba lile halikuwahi kutoa tangu enzi za baba yake.

"Wapendwa," alikuwa akimalizia, mkono juu, "tope ni mbolea ya Mungu. Msililaani!"

Na akina mama walipiga vigelegele.

Hakuwa mtu wa kujikweza. Alikuwa mkulima wa miaka hamsini na miwili, nyayo zimepasuka kwa maji ya majaruba ya mpunga, na imani yake aliisomea shambani. Ndege kweleakwelea, magugu, mvua ya kuchelewa, vyote alivipatia somo. Ndiyo maana kimbunga kilipopiga kusini mwa Malawi, na Mchungaji Sylvester akatafuta watu wanane wa kupeleka nguo na neno la faraja, jina la Odilia lilikuwa la kwanza.

"Mama, nani atawaelewa wale watu kama si wewe?" alimwambia.

Walisafiri siku tatu kwa basi. Walipofika kwenye kijiji kimoja chini ya mlima, Odilia alishuka akaduwaa. Mafuriko ya kwao hupanda bondeni taratibu. Watu huyaona, huchukua magodoro, huhama. Hapa mlima wenyewe ulikuwa umeshuka, watu wakiwa ndani. Mawe makubwa kama vibanda yalikaa palipokuwa na nyumba. Mashamba ya mahindi yalifunikwa na tope jekundu lililoanza kukauka, na palikuwa na harufu ambayo hakuna aliyeitaja.

Mchana waliwakuta watu kwenye shule walikohifadhiwa. Mkalimani wao alikuwa Agnella, mwanamke wa hukohuko aliyewahi kuishi Mbeya. Nguo ziligawiwa, nyimbo zikaimbwa, kisha Mchungaji akamwita Odilia mbele. Akatoa ushuhuda wake wote, kwa moto uleule, Agnella akimfuata neno kwa neno. "Tope ni mbolea ya Mungu. Mwakani mtaimba!" Wengine waliitikia amina.

Mwanamke mmoja akainuka kutoka kwenye kona, kitenge chake kimegandwa na matope. Alisema maneno machache, kwa sauti ya chini, akakaa.

"Anasemaje?" Odilia aliuliza.

Agnella akatazama sakafu. "Mama, tuendelee tu."

"Niambie, dada yangu."

"Anaitwa Esnati. Anasema watoto wake wawili wamo ndani ya hilo tope. Anauliza, wao ni mbolea ya nini?"

Mchungaji Sylvester akaanzisha wimbo haraka. Odilia akarudi kukaa.

Kesho yake hakwenda kwenye ibada. Aliazima majembe mawili, akamfuata Esnati kule palipokuwa nyumba yake. Kila siku mwanamke yule alikuwa akichoma tope kwa nondo, akiichomoa na kuinusa ncha, kutafuta walipolala wanawe. Alimwangalia Odilia, hakumfukuza. Wakachimba. Hawakuwa na lugha moja, wala Odilia hakutafuta mkalimani.

Siku ya pili aliona kichipukizi cha mgomba kimetoboa tope, kijani kibichi. Maneno yalimjia yenyewe, kama kawaida yake, somo zima na mwisho wake. Akayameza. Esnati naye alikiona. Alizungusha jembe lake pembeni, asikikate, akaendelea kuchimba.

Siku ya nne walimpata mtoto mdogo wa Esnati, wa kike. Odilia alivua khanga yake wakamfunga. Wa kiume hakupatikana. Basi lilipoondoka, Esnati alikuwa amerudi kwenye nondo yake, hakugeuka.

Ndani ya lile basi, wenzake wakiimba, ndipo Odilia alipomkumbuka Leticia. Alikuwa jirani yake na muumini mwenzake. Mafuriko yaleyale ya ushuhuda wake yalimchukua Kelestini, mume wa Leticia, aliyerudi ndani kuokoa gunia la mpunga. Mwaka mzima Leticia alikaa benchi la nyuma huku habari za mbolea ya Mungu zikitolewa. Kisha akaacha kuja, akahamia mtaa wa Lipangalala. Watu walisema amerudi nyuma kiimani, na Odilia alisema hivyohivyo.

Walipofika Ifakara, alikwenda Lipangalala kabla hata ya kufungua begi. Alimkuta Leticia uani, anapepeta mchele.

"Mama Odilia. Umekuja kunifundisha nini leo?"

"Sijaja kufundisha. Nimekuja kukuomba msamaha, kwa ule ushuhuda wangu."

Ungo ukasimama. Kisha ukaendelea.

"Nilikuwa natoka nje ukiuanza," Leticia alisema. "Nazunguka nyuma ya kanisa, naziba masikio. Hukuona?"

"Sikuona."

"Hakuna aliyeona. Wala hakuna aliyeniuliza alikufaje." Akamsogezea kigoda kwa mguu. "Kaa. Ila usiniombee."

Odilia akakaa, na Leticia akamsimulia yote: jinsi Kelestini alivyocheka akisema anarudi mara moja, jinsi ukuta ulivyolala, siku ngapi walimtafuta. Hakulia. Odilia ndiye aliyelia, kimya, akijifuta kwa kiganja.

Jumapili Mchungaji alimwita mbele aeleze Mungu alichomfundisha Malawi. Alisimulia alichokiona, akataja majina ya watoto wale wawili, aliyoambiwa na Agnella, akakaa. Watu walingoja mwisho wake, haukuja. Mchungaji akaongeza mwisho wa kwake.

Siku hizi haitwi mbele tena. Anasali, analima, na mito ikifura yeye hubeba magodoro ya watu. Leticia hajarudi kanisani. Odilia humtembelea kila Alhamisi, na kuna Alhamisi nyingine Leticia hafungui mlango.