Chupa ya Bordeaux Iliyotikiswa Butembo

Mwenye kuwajibika ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mkulima wa kahawa huko Mutwanga. Naliandika hilo mwanzoni ili lawama isiwaangukie wenzangu wa kazi walionizawadia chupa.

Katika utumishi wangu huko Beni, mara nyingi niliagizwa kuwamiminia wageni wa serikali divai nyekundu ya Bordeaux. Niliishika chupa kwa kitambaa cheupe, nikaisoma lebo, nikainusa nikipita nyuma ya viti. Kuonja hakukuwa sehemu ya kazi yangu. Nikabaki na swali: wakubwa wale waliofumba macho kabla ya kumeza walikuwa wakisikia nini? Nilipostaafu, wenzangu walinipa chupa moja, ya zamani. Niliisimamisha katika chumba chenye baridi, nyumbani Butembo, hadi mashapo yake yakatulia chini.

Siku ya kuifungua, shemeji alikuwa mgeni wetu. Nilikwenda kuleta glasi. Niliporudi nilimkuta ameikamata chupa shingoni, anaitikisa.

"Shemeji, acha!"

"Mais nguvu iko chini! Kasiksi unainywaka bila kutikisa?"

Ni kweli, pombe yetu ya ndizi hutikiswa.

"Hii haiko kasiksi. Weka chini."

"Ah, patron! Hata chupa inaomba ruhusa kwa bureau yako?" Akaitikisa tena. Mke wangu alicheka hadi akashika ubavu.

Divai ilitoka nzito kama maji ya mto baada ya mvua. Shemeji alionja, akakunja uso, akasema ni masizi, kisha akaimalizia kwa kuichanganya na soda. Mimi niliifunika glasi yangu kwa kisahani, nikaiweka dirishani.

"Baba, unangojea iote?" mke wangu aliuliza.

Asubuhi mashapo yalikuwa yameshuka. Niliimimina ile ya juu, polepole, katika glasi nyingine, tukainusa kwa zamu. Kwanza nilisikia mbao mbichi za msipresi zikipasuliwa. Mke wangu akasema hapana, ni gunia la kahawa lililokaa. Tukanusa tena, tukakubaliana kwamba vyote vimo. Ulimini iliyakaza mashavu kama gome la kinkina tulilotafunishwa utotoni kwa ajili ya homa, ila uchungu huo haukukaa. Ulilegea, ukaacha utamu usio wa sukari. Huenda hewa ya usiku ilikuwa imeipunguzia harufu. Sitatoa ushahidi juu ya nisichokijua.

"Inakukaripia, kisha inakuomba musamaha," mke wangu alisema, akanyoosha mkono apewe tena.

Nami nilikuta nimefumba macho.

Sasa nasikia kwamba shemeji, kila wanapopima kahawa Mutwanga, husimulia kuwa wenzangu walinidanganya kwa chupa ya masizi. Mmoja wa wenzangu hao amekuja kuniuliza kwa uchungu kama ndivyo ninavyosema.

Kwa hiyo namtaka rasmi shemeji yangu afike nyumbani kwangu Jumapili baada ya misa, aeleze mbele ya dada yake kwa nini aliendelea kutikisa baada ya kukatazwa. Kisha arudi kwenye mizani ileile ya kahawa, na mbele ya watu walewale aifute kauli yake, kwa sauti ileile aliyoitolea.