Baada ya Jina la Tisa

Nakumbuka siku niliyokwenda, nikiwa waziri wa elimu, kufungua shule kubwa ya kando ya barabara. Wanafunzi wa shule ndogo ya mlimani, nilikofundisha miaka mingi, walikuwa wamehamishiwa hapo kwa saini yangu. Ripoti ilisema umbali ni mdogo. Niliisoma kati ya vikao viwili, nikaiamini kwa kuwa iliandikwa vizuri.

Mwalimu Stefania, aliyenifundisha kazi nilipokuwa mgeni mlimani, alikuwa amehama nao. Hakunipeleka jukwaani. Alinipeleka darasani, akanitazama miguuni, akasema viatu vyangu ndivyo pekee visivyo na vumbi. Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha akanipa daftari la mahudhurio.

"Mheshimiwa, bado unajua kuita majina, au siku hizi unaitwa tu?"

Niliita. Wanane waliitika. Baada ya jina la tisa, kimya. La kumi, kimya. Nikauliza wako wapi.

"Mto," akasema. "Mvua ikinyesha hawavuki. Na ikiisha, wengine wameshaolewa."

Mto ule niliujua, mwanangu. Nilikuwa nikiuvuka suruali nimeikunja hadi magotini. Ripoti haikuutaja, nami sikuuliza. Niliahidi kuurekebisha uamuzi ule, lakini baraza la mawaziri likavunjwa, na katika jipya sikuwamo. Mimi niliondoka, saini ilibaki.

Leo nakaa Norsborg, huku Uswidi, na anayeniita mheshimiwa ni kinyozi wangu tu, kwa utani. Wewe umefundisha shule ya mtaa wa Tensta, sasa umechaguliwa kuwa diwani, na Alhamisi mnapigia kura kufunga shule moja ndogo. Jumapili, baada ya ibada, nilikuuliza watoto wake watafikaje shule mpya. Ukanijibu kwa Kiswidi kwamba ripoti iko wazi. Sikutaka kukujibu mbele ya watu, ndiyo maana nakuandikia.

Kabla ya Alhamisi, nenda kule asubuhi, saa ya kuita majina. Kisha itembee njia watakayopita, kwa mwendo wa mtoto wa miaka saba, theluji ikiwa chini. Muulize mwalimu nani hatafika. Ukirudi, piga kura utakavyo; pengine kuifunga ni sawa. Lakini uwe umewajua kwa majina, maana ulikuwa mwalimu kabla hujawa mkubwa wao.

Mungu akuachie masikio ya mwalimu popote utakapokalishwa, na kila jina utakaloita liitikiwe.