Mkia wa Punda na Vichwa vya Kwaya

Walisema sitaweza. Mama mwenye saluni ya mtaani kwetu Kitengela alisema siku mwanaume atakaposhika chanuo, ng'ombe watakauka maziwa. Baba alisema mkono wa mwanaume umeumbwa kwa kalamu au kwa nyundo, nichague. Dada yangu, ambaye alikuwa na haki zaidi ya kusema kwa sababu ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, alisema, "Wewe? Hata mkate unapaka siagi upande mmoja tu."

Ninaandika haya nikiwa nimeketi chini ya diploma yangu ya ususi na urembo. Nimeitia kwenye fremu ya kioo, na jua la saa nne likiingia dukani muhuri wake unang'aa. Niliipata kwa jasho langu, nikaenda nayo ughaibuni, nikafanya kazi kwenye hoteli zenye mazulia mpaka chooni, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe. Sisemi haya ili nijisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wengi wa wale waliosema sitaweza wangali hai na wanajua kusoma.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa kidato cha pili. Tulipanga vyumba viwili vya mabati. Baba alikuwa karani katika kiwanda kimoja upande wa Athi River, na jioni alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa. Tulikuwa tumetoka magharibi, ambako nyumba zina kuta za udongo zisizopitisha upepo. Mabati ya Kitengela yalipitisha upepo, vumbi la machimbo ya mawe, na mazungumzo ya majirani. Kwa hiyo mama alibandika magazeti ya zamani kutoka sakafuni hadi darini, na mimi, kitanda changu kikiwa ukutani, nililala kila siku nikitazamana na watu mashuhuri.

Ukuta huo ndio ulikuwa shule yangu ya mitindo. Palikuwa na mwanamuziki wa Kinshasa aliyefunga mkanda karibu na kwapa, na mwingine wa Amerika aliyefunga wake chini ya makalio. Nilijaribu zote mbili. Ya kwanza ilinifanya nishindwe kupumua, ya pili ilinifanya nishindwe kukimbia, na kijana wa Kitengela anahitaji vyote viwili. Palikuwa na malkia wa urembo aliyetabasamu huku miguu yake ikifunikwa na bei za vitunguu. Kutoka kwake nilijifunza kwamba nyusi nyembamba humfanya mtu aonekane kama ameulizwa swali. Nilikuwa na maoni juu ya kila kitu. Niliwaambia wasichana wa mtaani waache krimu za kung'arisha uso, kwa sababu uso unakuwa wa mtu mmoja na vidole vinabaki vya mwingine. Niliwaambia wavulana kwamba nywele za kali, zile za kutiwa dawa zikajikunja na kudondosha mafuta kwenye kola, hazikufaa mahali penye machimbo. Vumbi lilitua, likachanganyika na mafuta, na kufikia jioni kichwa kilikuwa tayari kwa kujengea. Hakuna aliyenisikiliza. Leo wote wananisikiliza, na wanalipa.

Lakini picha niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwimbaji mmoja wa Amerika aliyesukwa mistari iliyopinda kama mito. Niliitazama mpaka nikaijua kwa moyo. Tatizo ni kwamba mama alikuwa amebandika tangazo la mbolea juu ya nusu ya kichwa chake, hivyo niliujua upande wa kushoto peke yake.

Dada ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniazima kichwa. Nilimbembeleza wiki nzima, nikamfulia, nikamchotea maji. Upande wa kushoto ulitoka kama ulivyokuwa ukutani. Upande wa kulia nilitumia akili yangu.

"Huku ni Amerika," dada alisema mbele ya kioo akigeuza shingo. Akageukia upande wa pili. "Na huku ni wapi?"

"Huko bado hawajafika," nikamwambia.

Wa pili kuniazima alikuwa soprano mkuu wa kwaya ya baba, mama mcheshi aliyeuza mboga karibu na stendi. Alisema yeye haogopi mtoto wa mwalimu. Nilimsuka Jumamosi, nikavuta kwa bidii ya mtu anayetaka kazi yake idumu. Kesho yake kanisani mchungaji akasema tufumbe macho tuombe, na soprano hakuweza. Ngozi ya kipaji cha uso ilikuwa imekaza hivi kwamba kope hazikukutana. Aliomba macho wazi, akimtazama mchungaji ana kwa ana, mpaka mchungaji akapoteza maneno na kusema amina kabla ya wakati.

Baba aliniita nyumbani. Hakupandisha sauti, kwa sababu mwalimu wa kwaya anajua kwamba sauti ya chini ndiyo inayotisha. "Ukigusa kichwa kingine cha binadamu," alisema, "likizo zako zote utazimalizia machimboni na mjomba wako, ukichonga mawe. Umesikia?"

Nilisikia. Mjomba alikuwa mtu mwema, lakini vidole vyake vilikuwa vimepasuka kama ardhi ya Januari, na vidole vyangu nilikuwa nimeviwekea mipango mingine.

Baba alisema kichwa cha binadamu. Nilikuwa mwanafunzi makini, na maneno ya swali nilikuwa nikiyasoma vizuri. Siku ya soko la mbuzi, moran mmoja, kijana shujaa wa Kimaasai, alikuwa na mazoea ya kumfunga punda kwenye nguzo ya ua wetu, kisha kwenda kuuza mbuzi wake. Punda alikuwa jike mpole, wa rangi ya majivu, na mkia wake ulikuwa na nywele ndefu zisizo na mwenyewe. Nilianza kujizoeza pale. Hakulalamika, hakuwa na kope za kukaza, na hakuwa mwanakwaya.

Siku ya tatu ya soko moran alirudi mapema. Nilisikia fimbo yake ikigonga nguzo.

"Nani amefanyia punda wa mama yangu hii?"

Ningekimbia, lakini mikono yangu ilikuwa bado kwenye mkia. "Ni mimi. Najifunza kusuka."

Aliinama akautazama mkia kwa muda mrefu, kama daktari. "Hii si kusuka, layoni," alisema. Kwao layoni ni kijana ambaye hajawa mtu bado. "Hii ni kamba ya kufunga mbuzi. Na mbuzi atatoroka."

Nilikuwa na kiburi hata wakati ule. "Wewe unajua kuliko mimi?"

Akainamisha kichwa chake mbele yangu. Nywele zake zilikuwa ndefu mpaka mgongoni, mamia ya nyuzi nyembamba zilizosokotwa sawasawa, zimepakwa udongo mwekundu na mafuta ya kondoo, zimefungwa nyuma kwa ngozi. Nilikuwa nimemwona akipita mara nyingi na sikuwahi kuona. Nilikuwa naangalia ukutani.

"Unafikiri hii imesukwa na mama?" aliniuliza.

"Imesukwa na nani?"

"Na rafiki yangu wa rika. Na yake nilisuka mimi. Kwetu mama ananyolewa. Kijana ndiye anaweka nywele, na kijana ndiye anasuka. Nani amekuambia ni kazi ya wanawake?"

Nilimtajia. Baba, dada, mwenye saluni, mtaa mzima. Akacheka mpaka punda akageuka kutazama. Kisha akakaa chini juu ya jiwe, akaufumua mkia wote, akanionyesha. "Nyuzi mbili, si tatu. Sokota, usivute kama unatoa maji kwa kisima. Na uanze nyuma. Mbele iwe ya mwisho, kwa sababu mbele ndiyo watu wanaona, na ukifika huko mkono umeshajua." Kichwa chake mwenyewe hakuniruhusu kukigusa. Hicho kilikuwa cha watu wa rika lake. Lakini kila siku ya soko alikuja kukagua mkia, na siku aliporidhika aliniachia bonge la ule udongo mwekundu, limefungwa kwa karatasi ya sukari.

Mwezi wa Agosti kwaya ya baba iliitwa kuimba Kajiado mjini, kwenye mkutano wa makanisa. Wanawake wanane, kanzu nyeupe mpya, na baba akataka wote wawe na nywele za aina moja. Walipanga kwenda saluni Ijumaa. Ijumaa umeme ukapotea Kitengela yote. Mwenye saluni aliketi katikati ya mashine zake zilizokufa, vifungo vya nywele mapajani, akasema hana la kufanya mpaka watu wa stima watakapokuja, na watu wa stima walikuwa wakija wanapotaka.

Baba alikuja akasimama mlangoni kwetu.

"Huyo punda," alisema, "alilalamika?"

Kumbe alikuwa ameona. "Hapana, baba."

"Soprano alilalamika."

"Wakati huo nilikuwa sijafundishwa."

"Na sasa umefundishwa na nani?"

"Na moran wa soko la mbuzi."

Alitazama juu kama mtu anayetafuta noti ya kuanzia wimbo. "Wako wanane," alisema. "Ukiharibu hata mmoja, Jumatatu uko machimboni."

Soprano ndiye aliyekaa wa kwanza, ili wengine wapate moyo. "Nikishindwa kufumba macho tena," alisema, "wewe ndiye utaniombea maisha yako yote." Nilianza nyuma. Dada alinigawia nywele kwa mkia wa chanuo, mimi nikasokota. Mama mmoja Msomali mwenye duka jirani, ambaye nywele zake mwenyewe hazikuwa za kuonwa na kijana, alituazima kioo kikubwa cha duka, kisha akawaleta binti zake wawili wadogo wasukwe pia, bure, ili aone kama mkono wangu unauma. Haukuuma. Kufikia Jumamosi mchana vichwa vyote vilikuwa tayari, vimelala vizuri kama mvua ya manyunyu. Ndipo nikakumbuka lile bonge. Niliona kwamba rangi ndiyo inayokosekana. Nililisaga, nikachanganya na mafuta ya mgando, nikapaka vichwa vyote vinane, na nakuambia hakuna ukuta wa magazeti uliowahi kuwa na uzuri kama ule.

Hakuna kati yetu aliyefikiria tunakwenda wapi. Sisi tulikuwa watu wa kuja. Tulikuwa tumechukua nywele za moran, kwa mtindo wake na rangi yake, tukawavika wanawake wanane wa kanzu nyeupe, halafu tukawapeleka Kajiado, mbele ya wenye nywele zao.

Jumapili kwaya ilipopanda jukwaani uwanjani, watu walinyosha shingo kwanza. Kisha kicheko kikaanza mbele, miongoni mwa akina mama wa Kimaasai wenye vichwa vilivyonyolewa, kikaenda nyuma kama moto wa nyasi. Baba hakuelewa. Aliinua mikono, kwaya ikaimba. Jua la Kajiado halina adabu. Kufikia ubeti wa pili mafuta yalikuwa yameanza kuteremka, na mabega ya zile kanzu mpya yakawa mekundu. Nilikuwa nimesimama pembeni nikihesabu mawe nitakayochonga.

Kando ya ua walikuwapo vijana wa kimoran waliokuja kutazama watu. Mmoja wao alikuwa mwalimu wangu. Alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka. Aliwaambia wenzake jambo, wakatazama jukwaa upya, na kwenye kiitikio wakaanza kuguna chini kwa chini, ile sauti inayotoka kifuani. Iliingia ndani ya wimbo wa baba kana kwamba alikuwa ameiandikia nafasi. Baba, ambaye sijawahi kumwona akipoteza mapigo, alipoteza mapigo mawili. Kisha akageuka nusu, mkono mmoja ukaongoza kwaya, na mwingine ukaongoza ua. Vijana wakaanza kuruka.

Baadaye mzee mmoja wa pale alimjia baba, akasalimia kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, akaonyesha wale wanawake kwa fimbo.

"Mwalimu, hawa ni moran wa wapi?"

"Wa Kitengela," baba akajibu.

"Nani amewasuka?"

Baba alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Ni huyu kijana wangu," alisema.

Jumatatu mjomba alipopita na nyundo ya pili begani, baba alimwambia airudishe, kijana ana kazi nyingine. Wanawake wa kwaya walikuwa nje wakisugua kanzu. Ule wekundu haukutoka wote, na soprano aliapa mbele ya majirani: "Kichwa nilikuazima, na kanzu ukaichukua na riba. Siku moja utanilipa."

Mengine mnayajua, na kama hamyajui diploma iko ukutani. Niliwasuka wanafunzi wenzangu ili nisome, nikawa wa kwanza darasani, nikasuka wageni wa nchi za mbali ambao hawakujua kwamba mkono unaowasuka ulifunzwa kwa mkia wa punda. Miaka ya elfu mbili ilipokuwa imesonga, nilirudi. Kitengela ilikuwa na maghorofa. Nilifungua duka langu, na kabla ya kupokea mteja yeyote nilitangaza Jumatatu moja kuwa siku ya madeni. Aliyewahi kuniazima kichwa aje.

Walikuja. Dada alisukwa pande zote mbili, akageuza shingo mbele ya kioo akasema sasa wamefika. Binti za mama wa dukani walikuja wakiwa wameolewa, wakasukwa nyuma ya pazia na msaidizi wangu wa kike huku nikielekeza kwa sauti. Wanakwaya walikuja wote, wengine na mvi, na kila mmoja alipata kanzu mpya nyeupe juu ya kiti chake. Soprano alifumba macho, akafumbua, akafumba tena, akasema tumelipana. Hata mwenye saluni wa zamani alikuja kukaa mlangoni, akitazama vidole vyangu.

Jioni moran aliwasili. Kwao alikuwa ameingia kundi la wazee, si moran tena, kichwa kimenyolewa kinang'aa, simu shingoni kwenye kamba ya shanga.

"Sopa," alinisalimu kwa Kimaa.

"Ipa. Kaa kwenye kiti, mzee. Nimekungoja wewe."

Akapapasa kichwa chake. "Mimi sina kitu cha kusukwa. Na mimi sikukuazima kichwa." Akatazama nje. "Aliyekuazima yuko pale."

Alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya stima, punda yuleyule, mweupe puani kwa uzee. Nilitoka na chanuo langu bora, la pembe, nililonunua ughaibuni. Nilifumua mkia, nikaanza nyuzi mbili, bila kuvuta. Wanawake wote wakatoka kwenye baraza na nywele zao mpya, baba katikati yao.

"Bado mkono wako ni mzito," mwenye saluni alisema.

Mzee aliinama akautazama mkia kwa muda mrefu, kama daktari.

"Mbuzi hatatoroka," alisema.