Miezi Mitatu ya Baba Elia

Siku yangu ya kwanza kazini, Matroni wa hospitali niliyopangiwa pale Singida Mjini alitazama kucha zangu kabla hajanitazama usoni. Akanipa mkasi nikakate, nikarudi, akazitazama tena. Ndipo akasema, "Zainabu, kitandani analala mgonjwa mmoja, lakini inayougua ni nyumba nzima. Ukimwacha wa nyumbani kwake bila kumweleza kitu, umetibu nusu." Nikaitikia "ndiyo, Matroni" kama anavyoitikia kila mgeni, nikatoka nikiwa nimeshika habari za kucha tu. Yale mengine yalinichukua miaka kuyaelewa, na aliyelipia ujinga wangu ni mwanamke asiye na kosa.

Nimekuwa muuguzi mkunga miaka thelathini na mitatu. Nimezalisha watoto ambao leo wananipita barabarani na bodaboda zao bila kujua kwamba mimi ndiye niliyewapiga kofi la kwanza. Lakini nyinyi vijana wa kazi hii mkija kunitembelea hamniulizi habari za watoto. Mnauliza, "Sista, ni kweli wewe ndiye uliyewafunga wanaume wa Mungaa?" Jamani, sikumfunga mtu mimi. Kufunga uzazi wa mwanamume ni kazi ya daktari: ganzi, tundu dogo kwenye ngozi ya mfuko wa korodani, mirija miwili inayopitisha mbegu inakatwa na kufungwa, basi. Nusu saa haifiki. Mimi nilishika taa na kusafisha vifaa. Kazi yangu hasa ilianza mwanamume akishashuka kitandani, na niliifanya na mkewe.

Nieleze kwanza nilivyokosea. Kituo changu cha pili, ambacho sitakitaja, nilimhudumia mwanamume mmoja aliyefungwa mirija asubuhi na kwenda nyumbani mchana. Nikamweleza yeye kila kitu. Mkewe alikuwa nje kwenye benchi, kapu mapajani, akingoja. Nilimpita mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia, "Mumeo yuko salama, mama," nikaona nimefanya wema. Bwana yule aliyasahau yote kabla hajavuka geti. Miezi miwili baadaye mkewe alikuwa mjamzito, na mume, aliyeamini kwamba alifungwa siku ileile, akamrudisha kwao kwa aibu ya uzinzi.

Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, aliniita ofisini. Hakupandisha sauti. "Sista, mbegu zilizokwisha kuvuka mahali palipokatwa zinakaa mle mle. Zinachukua miezi mitatu kuisha. Nani alimwambia yule mama?" Nikasema, "Hakuna." "Basi kamlete mumewe apimwe." Tukampima, mbegu zikakutwa hai, na mume akaenda kwa wakwe kuomba radhi. Mke alirudi. Lakini alinipita njiani asinisalimie, na alikuwa na haki yake.

Tangu hapo nikajiwekea sheria: mke naye aingie ndani. Kama mume hataki mkewe asikie, daktari asubiri siku nyingine. Nilimkalisha mama kwenye kiti, nikamwambia, "Mumeo atatoka hapa anatembea kama aliyepanda punda. Usimcheke, cheka ukifika jikoni. Siku mbili alale na kukaa. Avae chupi ya kubana, korodani zishikiliwe. Mwekee chupa ya maji ya mtungini, izungushie kitambaa, inatuliza. Ngozi itakuwa ya bluu hadi nyeusi, usipige yowe, ni damu kidogo chini ya ngozi, itapotea. Wiki nzima asinyanyue mzigo, na wiki nzima mlale kama kaka na dada. Siku mkianza, manii yanaweza kuwa na damu kidogo, msiogope. Lakini mtumie kondomu miezi mitatu kamili, mpaka tupime. Homa, usaha, au uvimbe unaozidi kukua, mlete hata kwa kubebwa. Na ndevu, sauti na hamu yake vitabaki vilevile. Haya, sasa nirudishie." Asiporudisha yote, hatoki.

Kisha nikahamishiwa zahanati ya Mungaa, kijijini. Mratibu wa Afya ya Uzazi wa wilaya, mama mmoja mkali aliyesimamia uzazi wa mpango kwenye zahanati zote, alinikabidhi kazi kwa onyo moja. "Watu wa huku ni wafugaji. Ukimwambia mwanamume habari ya kufunga, anajiona maksai." Maksai, kwa mliozaliwa mjini, ni dume la ng'ombe lililohasiwa ili livute plau. "Kwa hiyo ni marufuku kutaja ng'ombe. Umenisikia? Ukitaja ng'ombe tu, umewapoteza." Nikaandika kwenye daftari langu kwa wino mwekundu.

Miaka miwili nikakaa bila kutaja ng'ombe, na bila kupata mwanamume hata mmoja.

Aliyevunja mwiko ni Baba Elia. Mkewe, Mama Elia, alikuwa amejifungua mara tatu na mara zote kwa kisu. Mara ya tatu kizazi kilikuwa karibu kupasuka, na daktari wa wodi ya wazazi alimwambia bila kuzunguka, "Mama, mimba ya nne sikuahidi kwamba utarudi nyumbani." Vidonge vilimkataa kwa sababu ya presha. Sindano ilimtoa damu wiki kwa wiki. Kitanzi kilitoka chenyewe. Kumfungua tumbo tena ili amfunge mirija yeye, daktari hakutaka, makovu yalikuwa yameshikana. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Aliniambia siku moja kwa sauti ndogo, "Sista, kila mwezi siku zikichelewa naanza kumfundisha Elia kupika, asije akahangaika na wadogo zake." Elia alikuwa na miaka tisa.

Baba Elia alisikia maneno hayo akiwa mlangoni. Kesho yake alikuja peke yake asubuhi, kofia mkononi. "Sista, wakija hao madaktari wa mkoba, mniandike mimi." Huduma ya mkoba ni timu ya wataalamu inayozunguka vijijini na vifaa vyake. Walikuja, akafungwa Jumatatu, Mama Elia akanirudishia maelezo yote bila kukosea neno. Nikalala usingizi mzuri.

Alhamisi mchana bodaboda ikanishushia Baba Elia mlangoni, uso umekuwa majivu. Mama Elia alikuwa nyuma yake analia.

"Kulikoni?"

"Amelima," akasema mkewe.

Mvua ilikuwa imenyesha Jumatano, mvua ya kwanza ya kupandia, na huku kwetu ikikupita imekupita. Babake, Mzee Ntandu, alikuwa amefika nyumbani kwao alfajiri na jozi ya maksai, akamkuta mwanawe amelala. Ndugu zake nao wakachungulia mlangoni na kucheka. Mzee akasema mbele yao wote, "Kumbe ni kweli. Wamekuhasi, na sasa hata kulima huwezi." Baba Elia akaamka, akashika plau, akalima tangu jua linachomoza mpaka alipoanguka mtaroni.

Nikamwambia apande kitandani nione. Akashika suruali kwa mikono miwili kama nimekuja kumnyang'anya. "Baba Elia," nikamwambia, "mficha uchi hazai. Wewe huzai tena, lakini onyesha hivyo hivyo." Akacheka huku anaumia, akaonyesha. Uvimbe wa damu, mkubwa kuliko yai la kuku. Nikampigia simu daktari wa timu. Akasema, "Alale, abanwe, awekewe baridi. Kesho asubuhi uvimbe ukiwa umekua, nipigie nilete gari. Ukipasuka au kuingia wadudu ni hatari." Nikachora mpaka wake kwa kalamu kwenye ngozi ili kesho nijue ukweli.

Niliogopa, sitawadanganya. Niliogopa kwa ajili yake, lakini zaidi kwa mkewe. Kama Baba Elia angeharibika, ndugu wangesema hospitali imemuua mwanamume, kondomu wangezitupa jalalani, na Mama Elia angerudi kwenye kuhesabu siku. Nikavua koti la kazi nikafunga kanga, nikaenda kwa Mzee Ntandu.

Mzee huyu, lazima mumjue, ndiye aliyekuwa akihasi madume ya kijiji kizima. Nilimkuta ameketi nje ya zizi ananoa panga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunihasi na mimi?"

Daftari langu la wino mwekundu lilikuwa zahanati. Nikavuta kigoda nikaketi bila kukaribishwa. "Mzee, nimekuja kujifunza. Dume ukilihasi leo, unalifunga nira lini?"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Nira? Kwanza uvimbe uishe, kidonda kikauke. Ukilifunga mapema linaharibika. Hata mtoto anajua."

"Mwanao mmempa siku tatu."

Panga likasimama. Akatazama shambani, kwenye tuta alilolima mwanawe, kisha chini.

"Na dume kubwa," nikaendelea, sasa nimeshavunja sheria, nivunje yote, "ukishalihasi unalirudisha kwa majike lini?"

"Hulirudishi mapema. Linatengwa mwezi na zaidi. Lina akiba. Ukilirudisha linapandisha, halafu watu wanasema hujui kazi."

Akiba. Mimi na vyeti vyangu nilikuwa nimehangaika miaka kulieleza jambo hilo, mchoro wa mirija, mshale huku, mshale kule, na watu wananitazama tu. Mzee asiyejua kusoma amelimaliza kwa neno moja. Nikamweleza kwamba mwanawe naye ana akiba ya miezi mitatu. Nikamweleza pia palipo na tofauti, maana ndipo uhai wa habari ulipo: maksai huharibiwa korodani zenyewe, ndiyo maana hupoa na kunenepa. Mwanawe kafungwa mrija tu. Korodani zinafanya kazi yake, mwanamume ni yuleyule. Nikamweleza, mwisho, kwa nini mwanawe alikubali.

Mzee akanigeukia. "Yeye mwenyewe alisema amefanya kwa ajili ya mama wa watoto?"

"Hakusema. Alifanya."

Akaweka panga chini. "Mimi mke wangu wa kwanza alifia kwenye uzazi," akasema. "Mtoto wa saba. Sikujua kwamba kuna kitu mwanamume anaweza kufanya." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Mimi nami nililia, na sioni haya kusema.

Kesho asubuhi uvimbe ulikuwa ndani ya mpaka wa kalamu. Siku ya tano ulipungua. Shamba la Baba Elia lililimwa na ndugu wale wale waliocheka, kwa amri ya baba yao. Mzee alikuja zahanati kuniuliza kama mwanawe atengwe na mkewe miezi mitatu, maana zizi analo. Nikamwambia hapana, mzee, kondomu inatosha. Akasema sawa, lakini hakuridhika.

Miezi mitatu ikatimia alizeti zikiwa zimekomaa, na Baba Elia, kapona, kanona kwa kupumzika, akasema hana nafasi ya kwenda mjini kupimwa manii. "Mimi mzima, Sista. Ya nini tena?" Mama Elia alikuwa amesimama pale, amekunja mikono. Siku zake zilikuwa zimechelewa siku mbili, na mimi tu ndiye niliyejua. Babake ndiye aliyejibu. "Sijawahi kulifungulia dume zizi bila kulikagua. Panda basi." Akapanda.

Kwenye maabara ya mjini, fundi alichukua kikopo, akaweka tone kwenye kioo, akainamia hadubini muda mrefu. Akahamisha kioo, akatazama tena. Mama Elia alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. "Hakuna," akasema fundi. "Hata moja."

"Naomba nione," akasema Mama Elia.

Fundi akasita. Mimi nikamwambia, "Mpishe." Akainama, akafumba jicho moja, akatazama.

"Sioni kitu, Sista."

"Ndicho ulichokuja kukiona."

Hakuinua kichwa. Akaendelea kutazama ule mwanga mtupu huku mabega yanatikisika, na mumewe akamwekea mkono mgongoni mbele ya watu, jambo ambalo mwanamume wa kwetu hafanyi. Zile siku zake zilikuja jioni hiyo hiyo ndani ya basi la kurudi. Zilikuwa zimecheleweshwa na hofu tu.

Mwaka uliofuata niliandikisha wanaume kumi na mmoja Mungaa, na nusu yao waliletwa na Mzee Ntandu, ambaye aliwaeleza habari ya akiba vizuri kuliko mimi. Mratibu alipokuja kukagua, akauliza nimetumia mbinu gani. Nikamwambia, "Ng'ombe, mama." Akanitazama, akafunga daftari lake, akasema, "Andika ripoti, lakini usiandike hivyo."

Nimestaafu, naishi Mwankoko, pembeni mwa mji wa Singida, nalima mboga na kuku wangu wananijua. Mnaposema kazi ilikuwa ngumu wakati wetu, nawaambia haikuwa ngumu, ilikuwa inataka mtu asiyepita benchi bila kusimama. Vifaa mnavyo vizuri kuliko vyetu. Mwiteni mke aingie.

Mwezi uliopita mtu alibisha hodi. Mama Elia, amekuja mjini kwa mwanawe Elia, ambaye ana watoto wawili sasa. Tukanywa chai, tukaulizana habari za wote. Baba Elia mzima, bado analima, bado mbishi. Alipotaka kuondoka alisimama mlangoni, akafungua kilemba polepole, akainamisha kichwa mbele yangu.

"Tazama, Sista," akasema, akizigawa nywele kwa vidole ili nione vizuri. "Nimeota mvi."